Chumvichumvi ni Kiasi Gani?

Kuna maji ambayo si ya mto wala si ya bahari. Kiswahili kinayaita maji ya chumvichumvi, na jina hilo limejengwa kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika amekutana nayo tangu mwaka wa kwanza: unachukua neno, unalirudia, na maana inapungua nguvu. Kitu chenye majimaji hakijawa maji. Nguo ya kijanikijani haijafika kijani. Uji vuguvugu si wa moto wala si wa baridi. Urudufishaji hauna kazi hiyo moja tu, maana sawasawa ni sawa kabisa, na mbalimbali ni jambo jingine tena. Lakini katika chumvichumvi kazi yake iko wazi: chumvi ipo, ila haijatosha kuwa bahari.

Siku moja katika kozi ya istilahi neno hili lilipita mbele ya darasa, na mwalimu akauliza swali fupi: chumvichumvi ni kiasi gani? Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alitaka kutuonyesha kwamba istilahi ya sayansi lazima iweze kushika kipimo, na neno ambalo maana yake ni "kidogo hivi" haliwezi kushika chochote. Wanafunzi kadhaa walikubali upesi, kwa ile haraka yetu ya kuamini kwamba sayansi inakaa katika Kifaransa na Kiswahili kinakaa sokoni. Mimi nililibeba swali hilo hadi nyumbani, kwa sababu ninakoishi kuna lita 200 za maji ya chumvichumvi, na ndizo zinazonilipia chumba.

Nakaa katika nyumba ndogo ya wageni hapa Lubumbashi. Mwenye nyumba, ambaye wote tunamwita Papa, alizaliwa upande wa Muanda, akaja Katanga kikazi akiwa kijana, na hakurudi tena kukaa kwao. Sebuleni ameweka tangi la kioo lenye samaki watano wa huko: wembamba kama sahani iliyosimamishwa, rangi ya fedha, wenye mistari myeusi ya wima. Wataalamu wanawaita Monodactylus sebae. Wanaishi katika pwani ya Atlantiki kutoka Senegal hadi Angola, hasa kwenye milango ya mito na katika mikoko. Hawa wetu walifika kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, kila mmoja akiwa na ukubwa wa kidole gumba. Mimi nawatunza, Papa hanidai kodi. Makubaliano yetu ni hayo.

Kazi hii haieleweki bila kuelewa mahali walikotoka. Mto Kongo unamwaga baharini wastani wa mita za ujazo karibu 40,000 kila sekunde. Maji mengi namna hiyo hayachanganyiki na bahari mara moja. Ya mto ni mepesi, yanapita juu. Ya bahari ni mazito, yanapenya chini kama kabari. Ukipanda mto kutoka Banana, chumvi ya mahali pamoja haibaki ile ile: inabadilika kwa kina, kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na kwa majira ya mvua. Mikoko ya huko, ambayo tangu 1992 imo ndani ya hifadhi ya taifa, imezamisha mizizi yake katika mabadiliko hayo. Ndiyo maana vitabu havitoi namba moja. Vinatoa upana: kutoka gramu 0.5 hadi gramu 30 za chumvi katika kila lita, wakati bahari yenyewe ina kama gramu 35. Na Kifaransa nacho hakitoi namba. Neno saumâtre lina kiishio kile kile tunachokisikia katika rougeâtre, yaani wekundu usiofika. Swali la mwalimu, basi, linazibana lugha zote mbili.

Namba ni ya tangi, si ya neno. Katika tangi letu ni gramu 12 kwa lita, maana yake kilo 2.4 za chumvi kwa tangi zima. Kipimo chetu ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea: kadiri maji yanavyokuwa mazito, ndivyo kinavyosimama juu zaidi. Maji yakiwa na joto la digrii 25, kinaonyesha karibu 1.009, ambapo maji yasiyo na chumvi yangeonyesha 1.000 na bahari karibu 1.025. Joto linahesabiwa, kwa sababu maji yenye joto ni mepesi na kijiti huzama zaidi. Hapa kwetu, karibu mita 1,200 juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na umeme ukikatika, kipashajoto kinanyamaza. Asubuhi kama hiyo hatupimi chumvi. Tunangoja maji yarudi kwenye joto lake, kisha tunapima.

Samaki hawa wanavumilia upana mkubwa wa chumvi. Wakikua wanaweza hata kuishi katika maji ya bahari kamili. Wasichokipenda ni jambo la ghafla. Mwili wa samaki una chumvi yake ndani. Akiwa katika maji ya mto, maji yanamwingia bila kukoma na yeye anayatoa kwa mkojo. Akiwa baharini, maji yanamtoka, naye analazimika kunywa na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Samaki wa mlango wa mto anajua kazi zote mbili, lakini kuhama kutoka moja hadi nyingine kunahitaji muda. Hata bakteria wa kichujio, wale wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa nitriti na kisha nitrati, wanahitaji muda huo. Ukiwabadilishia chumvi kwa siku moja, wanakufa wengi, amonia inapanda, na samaki anapata taabu mara mbili. Utunzaji wote wa chumvi, kwa hiyo, ni kuzuia haraka.

Mwezi wa 6 Papa alipelekwa Kinshasa kwa matibabu ya moyo. Daktari alikuwa amemkataza chumvi katika chakula tangu mwaka uliotangulia. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya tangi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwana, nikirudi nibakute." Nikamwitikia: "Ndiyo, Papa." Tatizo ni kwamba mimi nami nilikuwa na wiki sita za utafiti nje ya mji, kurekodi wazungumzaji kwa ajili ya memware yangu. Tangi lingebaki mikononi mwa watu wawili: Mama wa jikoni, na mlinzi wa usiku, ambaye hapa mjini tunamwita zamu. Wote wawili wanasoma Kiswahili. Kifaransa cha maelekezo yaliyoandikwa kwenye ndoo ya chumvi hawakisomi.

Jamaa mmoja wa Papa alileta karatasi. Maelekezo yale yalikuwa yamepitishwa katika programu ya simu, yakatoka katika Kiswahili ambacho hakuna mtu amewahi kukizungumza. Sentensi ya kwanza iliagiza kwamba maji yakipungua, tangi lijazwe "maji baridi". Katika vitabu vya Kiswahili sanifu hilo ni sahihi: samaki wa maji baridi ni samaki wa mito na maziwa. Zamu aliisoma, akaitika kwa adabu, akaenda moja kwa moja kufungua friji. Nilimfikia chupa ikiwa mkononi. Ilikuwa Julai, na maji ya tangi yalikuwa yamekwisha kupoa kwa kukatika kwa umeme. Mtu yule alikuwa amesoma vizuri kabisa kile kilichoandikwa.

Nikajaribu jina la pili tulilo nalo, maji matamu. Mama alikunja uso. "Mayi ya tamu? Ni sukre?" Sukre, kwa wasomaji wasio wa Katanga, ni soda. Samaki wangekunywa soda.

Hapo nikaiweka kando karatasi, na badala ya kutafuta istilahi nikaanza kuwauliza wao wanaongeaje. Maji ya kawaida wanayaita mayi ya robine. Maji yaliyochotwa jana na kuachwa wazi kwenye ndoo ili klorini itoke wanayaita mayi yenye ililala. Kitenzi hicho, kulala, kinabeba ndani yake muda wa saa 24 ambao karatasi ilihitaji mstari mzima kuueleza. Mtu hawezi kukisikia akachota maji kwenye bomba na kuyamwaga palepale.

Ugumu halisi haukuwa katika majina. Ulikuwa katika vitenzi. Karatasi ilitumia "kuongeza maji" kwa kazi mbili ambazo ni tofauti kama mchana na usiku, na hata katika mazungumzo yetu ya kila siku tunasema kutia maji kwa zote mbili. Niruhusuni nifanye hesabu, kwa sababu bila hesabu tofauti hii haionekani.

Katika kiangazi chetu kikavu tangi linapoteza kama lita 10 kwa wiki kwa kukauka. Maji yanayokwenda hewani yanakwenda peke yake. Chumvi yote, kilo 2.4, inabaki. Ukirudisha lita 10 za maji ya robine yaliyolala, uko palepale ulipokuwa, gramu 12. Lakini tuseme mtu mwangalifu anafikiri: hili ni tangi la chumvi, basi nirudishe maji ya chumvi. Anatia lita 10 zenye gramu 12 kila moja. Ameongeza gramu 120. Baada ya wiki 10 ameongeza kilo 1.2, na tangi lina gramu 18 kwa lita. Hakukosa uangalifu hata siku moja, na chumvi imepanda kwa nusu.

Kazi ya pili ni kubadilisha. Kila wiki mbili tunatoa lita 40, ili uchafu ambao kichujio hakiwezi kuumaliza utoke. Maji haya yanayotolewa kwa mpira yanatoka na chumvi yake, gramu 480. Yanayoingia lazima yaje na gramu 480. Mtu akiweka maji ya robine matupu, tangi linashuka hadi gramu 9.6, mara ya pili hadi 7.7, mara ya tatu limekaribia gramu 6. Nusu ya chumvi imekwenda ndani ya wiki sita, wiki zile zile ambazo mimi nisingekuwepo. Na mpangilio nao una maana: kwanza rudisha kilichokauka hadi kwenye mstari uliochorwa kwa rangi juu ya kioo, halafu ndipo utoe lita 40. Ukitoa kabla ya kurudisha, unatoa maji yaliyokolea kuliko kawaida, na hesabu inaharibika.

Nilipomweleza Mama haya, alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagi. Kisha akasema: "Ni kama sufuria. Mayi ikikauka, chumvi inabakia mule. Utatia mayi tu. Lakini ukitoa supu kikombe, chumvi nayo imetoka."

Hakuna kitabu nilichosoma kilichosema jambo hili kwa maneno machache hivyo. Wala haikuwa bahati. Katanga haina bahari, lakini maarifa ya chumvi ni ya zamani hapa: chumvi ya Mwashya, katika bonde la Lufira, ilijulikana na kuuzwa kabla ya ukoloni, na watu waliipata kwa kukausha maji ya chemchemi za chumvi. Maji yanakwenda, chumvi inabaki. Kila mpishi analijua hilo kwa mkono wake. Kilichohitajika ni kulisema kwa vitenzi ambavyo tayari vilikuwa mkononi mwake.

Tulichagua viwili. Maji yaliyokauka tunayarudisha. Maji machafu tunayabadilisha. Tulivijaribu kwa njia ambayo mwalimu wetu wa isimujamii angeipenda: sikuuliza "umeelewa?", kwa sababu jibu la swali hilo kwa mtu anayeheshimiana nawe ni ndiyo daima. Nilisema, "Zamu, wiki hii imekauka lita nane. Unafanya nini?" Akajibu kwamba anarudisha lita nane zilizolala, bila chumvi, na mwenye kuwaza kutia chumvi hajui kupika. Mama akacheka, mimi nikaandika.

Ilibaki chumvi yenyewe. Katika nyumba hii moja ina majina manne. Papa kwa Lingala na Kikongo anasema mungwa. Zamu, ambaye ametoka upande wa Uvira, anasema munyu akiongea na ndugu zake, neno ambalo kamusi za Kiswahili nazo zinalo. Sote pamoja tunasema chumvi. Mama, ambaye lugha yake ni Kibemba, akiongea na binti yake husema umucele. Nilicheka peke yangu niliposikia, kwa sababu katika Kiswahili mchele ni kitu kingine kabisa, na mfuko wa mchele umesimama jikoni hatua tatu kutoka kwenye ndoo ya chumvi. Kwenye karatasi yetu limebaki neno chumvi, na baada yake "ya ndoo ya buluu". Rangi ya ndoo haina heshima ya istilahi, lakini inatenganisha chumvi ya baharini na ile ya jikoni, na utengano huo ni wa lazima. Chumvi ya jikoni ni karibu sodiamu na klorini tupu. Katika chumvi ya bahari hivyo viwili ni kama sehemu 85 katika 100. Zilizobaki ni salfati, magnesiamu, kalisi, potasiamu na vingine, na ndani yake mna vitu vinavyoyasaidia maji yasigeuke kuwa na asidi. Ya baharini ni ghali, inatufikia kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, na mtu mwenye nia njema ya kuokoa pesa anaweza kwa urahisi kuchukua ile ya mfuko wa jikoni. Ndoo ya buluu inamzuia.

Mwisho wa karatasi ni mstari wa kuchanganya: chumvi huyeyushwa kwanza ndani ya ndoo, ikakorogwa mpaka maji yaonekane safi, ndipo maji yaingie tangini kikombe kwa kikombe. Chembe ya chumvi haiangushwi kamwe juu ya samaki. Kwa neno "pole pole" hawakuhitaji ufafanuzi wowote.

Niliondoka. Kila Jumapili Mama alinitumia namba ya haidromita, na jioni hiyo hiyo Papa alipiga simu kutoka Kinshasa kuuliza: "Samaki beko namna gani?" Katika wiki zile sita namba ya chini kabisa ilikuwa 1.008 na ya juu 1.010. Samaki watano wakabaki watano. Papa bado yuko Kinshasa. Upasuaji umekwisha, lakini madaktari hawajamruhusu kupanda ndege, na mimi sijui kusoma sauti ya mtu mgonjwa kwenye simu kama ninavyosoma kijiti cha kioo.

Nilirudi na jibu kwa mwalimu, na nilimpa kwa heshima, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri. Chumvichumvi haisemi kiasi, na haikuundwa ili iseme. Inasema eneo ambamo kiasi kinatafutwa, kama vile homa haisemi digrii. Kipimo kinakuja na chombo, na namba tunazitaja hapa mjini kwa Kifaransa bila aibu. Lakini kati ya jina na namba kuna kazi, na kazi inaelekezwa na vitenzi. Huko ndiko karatasi ya simu iliposhindwa, ingawa kila istilahi yake ingepita katika mtihani wetu. Nimeanza kufikiri kwamba sisi wa idara ya lugha tunahesabu nomino kupita kiasi. Tunauliza Kiswahili kina jina la kitu fulani au hakina. Ni mara chache tunauliza: mtu wa jikoni akilisikia agizo hili, mkono wake utakwenda wapi?

Kuna neno moja zaidi, nalo silo langu. Jumapili iliyopita nilikuwepo simu ilipolia. Mama alisoma kijiti, akataja namba, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha kulisema kuhusu tangi: "Imekolea, Papa." Kukolea ni kufikia kiasi kinachofaa, si kupungua wala kuzidi. Nimeliandika katika daftari langu la istilahi, na mbele yake nimeweka: gramu 12 kwa lita.